Mataruma ya Baba

Kwa muda wa miaka 23 bustani ya mboga ya mama yangu, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, ilizungushiwa mataruma manane ya mti yaliyotoka kwenye daraja la reli. Baba aliyanunua mwaka 1989, mwaka aliostaafu kazi, yalipoondolewa darajani kwa uchakavu na wafanyakazi wakaruhusiwa kuyachukua kwa bei ndogo. Aliyaleta kwa mkokoteni wa ng'ombe, safari mbili, manne manne. Jirani zetu walitoka nje kumtazama. Wengi walidhani mzee amenunua kuni za msiba wake mwenyewe.

Baba hakujibu kitu. Alichimba mfereji usiozidi kina cha kiganja, akamwaga changarawe chini ili maji yasituame, akayalaza mataruma kwa ubavu, na nyuma ya kila moja akapigilia vipande viwili vya nondo visije vikayaacha yasukumwe na udongo. Baada ya siku tatu mama alikuwa na kitalu cha mstatili kilichoinuka juu ya ardhi, nacho kikajazwa samadi ya zizini na udongo mweusi wa mbugani. Mvua za mwaka ule zilipopiga, mboga za jirani zilichukuliwa na maji. Za mama zilibaki. Tangu siku hiyo hakuna aliyetaja kuni tena.

Nimeanza na bustani kwa sababu ndipo mahali nilipojifunza kwamba kipande cha mti kinaweza kuwa na historia ndefu kuliko ya mtu anayekikanyaga, na kwamba si kila urithi unafaa kuachwa pale ulipokutwa.

Neno lenyewe, taruma, halikuanzia kwenye reli. Mafundi wa majahazi wa pwani walikuwa nalo zamani: ni mti unaotiwa ndani ya chombo ili kukiimarisha. Reli ilipokuja ikahitaji jina la kile kinacholazwa chini kukingama, kushika vyuma viwili visiachane wala kukaribiana, neno la baharini likapanda gari moshi na kufika bara. Kazi ni ile ile, ya kubeba uzito bila kuonekana. Abiria huona injini, mabehewa na labda reli. Taruma halionwi ila na mtu anayetembea kwa miguu.

Baba alikuwa mtu wa kutembea kwa miguu. Aliajiriwa mwaka 1956 kama kibarua wa genge, zama za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, akapanda mpaka akawa mnyapara. Genge lilikuwa na kipande chake cha njia cha kutunza: kung'oa majani, kushindilia kokoto, kukaza komeo, kubadilisha kilichooza. Njia hiyo ilikuwa ile ya kutoka Tabora kwenda Mwanza, karibu kilomita 380, iliyojengwa na Waingereza katika miaka ya 1920 na kufika ziwani mwaka 1928. Reli ya Kati yenyewe, ya kutoka Dar es Salaam, ilikwisha jengwa na Wajerumani: ilianza mwaka 1905, ikapita Morogoro na Dodoma, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Msomaji atakayetembelea njia ile ya zamani ataona jambo ambalo huwashangaza wageni. Sehemu kubwa ya mataruma yake ni ya chuma. Wajerumani walijua mapema kwamba katika nchi hii mti uliolazwa ardhini una adui asiyelala, naye ni mchwa. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, nao hawakuwa wakizungumza juu ya shoka peke yake. Basi wakaagiza chuma kutoka kwao, nao Waingereza waliowafuata hawakuona sababu ya kuacha.

Mimi nilikuwa nikisikitika nikiwa mwanafunzi kwamba hata mataruma yalitoka Ulaya. Siku moja nilipiga hesabu nikanyamaza. Ukilaza taruma kila baada ya sentimita 75, kilomita moja inataka mataruma zaidi ya 1,300. Zidisha kwa kilomita 380. Njia moja tu, ya Tabora hadi Mwanza, inameza zaidi ya nusu milioni, na ya mti yakioza baada ya miaka 15 au 20 inameza nusu milioni nyingine. Mininga na mikora ya Unyamwezi ingesimama wapi?

Lakini darajani mambo yalikuwa tofauti. Juu ya daraja la mihimili ya chuma hakuna kokoto za kupokea mtikisiko. Taruma hulala moja kwa moja juu ya mhimili. Hapo mti ndio unaofaa, kwa sababu unanyonya kishindo, na kwa sababu fundi anaweza kuuchonga hapo hapo ukae sawasawa. Kwa hiyo kila daraja lilikuwa na safu yake ya miti minene, mirefu kama mtu mrefu aliyelala, mizito kiasi kwamba watu wawili wenye nguvu walitweta kuibeba.

Niliwahi kufuatana na baba kazini wakati wa likizo, nikiwa na miaka kumi hivi. Alipofika darajani aliinama na nyundo ndogo, akagonga taruma moja, akasikiliza, akaenda kwenye la pili. Mlio mkavu ulimaanisha mzima. Mlio wa debe tupu ulimaanisha mti umeoza ndani ingawa nje ulikuwa unang'aa. Nilimwuliza kwa nini hatazami tu. Akasema, "Mwanangu, macho yanadanganywa na lami. Sikio halidanganyiki." Kisha akapiga alama ya chokaa kwenye taruma lililotoa mlio wa debe, tukaendelea.

Miaka mingi baadaye nilikumbuka maneno hayo nikiwa Geita. Nilipelekwa huko kufundisha mwaka 1986, nikakaa miaka 12. Geita wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza, haijawa mkoa kama ilivyokuja kuwa mwaka 2012. Reli haikuwahi kufika. Dhahabu yote iliyotoka huko katika mgodi mkubwa wa wakati wa ukoloni, uliofanya kazi tangu mwaka 1936 hadi 1966, ilisafiri bila kuona taruma la njia kuu mpaka ivuke ng'ambo ya maji kwenda Mwanza. Hata hivyo chini ya ardhi ndiko mti ulikokuwa mfalme. Migodi ya zama zile ilishikiliwa na magogo, na vitoroli vya mawe vilikwenda juu ya vireli vyembamba vilivyolazwa juu ya vipande vya mti.

Mgodi ule ulipofungwa, watu hawakufunga. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, wachimbaji wadogo walimiminika Nyarugusu, Rwamagasa na kwingineko. Wanafunzi wangu wa kiume walikuwa wakipotea darasani wiki mbili, kisha wanarudi na viatu vipya. Walichimba maduara, nayo maduara yalihitaji matimba, ndiyo miti inayopangwa kuzunguka kuta za shimo ili udongo usiporomoke. Jumamosi moja nilikwenda kumtafuta mmoja wao. Nilimkuta mdomoni mwa duara, amepakaa vumbi mpaka kope. Nilimsihi arudi shule. Akanijibu kwa heshima, "Mwalimu, usiogope. Matimba yana adabu. Kabla hayajavunjika yanaguna. Yakiguna, sisi tunatoka."

Nilimtazama nikamwona baba na nyundo yake. Mti huzungumza na mtu aliyezoea kuusikiliza. Chuma hukatika ghafla. Ila nilijua pia kwamba kuna siku mti huguna mtu akiwa mbali mno na ngazi. Kijana yule alirudi darasani muhula uliofuata, namshukuru Mungu. Si wote waliorudi.

Na matimba yalitoka wapi? Yalitoka vilimani, mti mmoja baada ya mwingine, mpaka wachimbaji wakawa wanayafuata mbali kwa baiskeli. Hapo nilielewa kwamba hadithi ya Geita ilikuwa inairudia hadithi ya Shinyanga. Kwetu Shinyanga misitu ilikwisha mapema. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwaongoza watu kufyeka na kuchoma vichaka ili kuwafukuza mbung'o, na Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa utafiti wa mbung'o Tanganyika, aliweka makao ya kazi yake Shinyanga. Mbung'o walipungua. Nafasi yao ikachukuliwa na mashamba ya pamba, ambayo reli ilikuwa ikiisubiri, kisha mifugo mingi zaidi, kisha vijiji vya miaka ya 1970 vilivyowatenga watu na malisho waliyokuwa wakiyahifadhi. Reli ya mataruma ya chuma haikutukata miti kwa kuilaza chini ya vyuma vyake. Ilitukatia kwa kuleta soko.

Kwa hiyo baba alipoleta mataruma manane nyumbani, alileta kitu adimu. Katika kijiji ambacho mwanamke alitembea nusu siku kutafuta kuni, sisi tulikuwa na magogo manane yaliyolala tu, yakizuia mchicha. Nakumbuka mama alipoletewa fedha na mtu aliyetaka kuyachoma mkaa. Alikataa. "Haya ni kiinua mgongo cha mume wangu," alisema, na hakuwa anatania. Baba alifariki mwaka 2003. Tangu hapo mama alikuwa akikaa juu ya taruma la kona kila jioni, akichambua mboga.

Nilijivunia sana bustani ile. Nilijivuna zaidi niliposoma kwamba watu wa nchi tajiri wanafanya kama baba. Uingereza, baada ya ripoti ya Beeching ya mwaka 1963, njia nyingi za reli zilifungwa, na mataruma ya mti yakawa mengi kuliko haja. Wenye nyumba wakayanunua wakayafanya ngazi za bustani, kingo za vitalu na kuta fupi za kuzuia udongo. Australia nako mataruma ya mti wao mgumu uitwao jarrah yaliingia mabustanini vivyo hivyo. Nikasema moyoni: kumbe mnyapara wa genge wa Shinyanga alikuwa na akili ile ile ya watu wa London, naye hakusoma kitabu.

Sifa ile ilinizuia kuona. Mwaka 2012 binti yangu, aliyesomea afya ya mazingira, alikuja kumsalimu bibi yake mwezi wa Oktoba, jua linapokuwa kali kabla ya mvua. Alikaa naye juu ya taruma la kona. Alipoinuka, nguo yake ilikuwa na doa jeusi lenye kunata. Akainama, akanusa mti, akaniita pembeni.

"Baba, haya yametiwa kreosoti."

Nilijua kuna dawa ndani yake. Kila aliyekulia kwenye kota za reli anaijua harufu ile kama anavyojua harufu ya jikoni kwao. Nilichokuwa sikujui ni dawa gani. Binti yangu alinieleza. Kreosoti ni mafuta yanayotokana na lami ya makaa ya mawe. Mwaka 1838 Mwingereza John Bethell alipata hataza ya njia ya kuyaingiza ndani ya mti: magogo hufungiwa ndani ya pipa kubwa la chuma, hewa hutolewa, kisha mafuta ya moto husukumwa kwa nguvu mpaka yaingie katika nyuzi za mti. Mti uliotiwa hivyo haugusiki kwa mchwa wala kuvu kwa miaka mingi. Ndiyo siri ya mataruma yetu kukaa miaka 23 katika udongo wa Shinyanga bila kuliwa.

Lakini kinachomfukuza mchwa hakimbembelezi binadamu. Ndani ya mafuta hayo mna kemikali ambazo wataalamu wa kimataifa wa utafiti wa saratani wameziweka katika kundi la zile zinazoelekea kusababisha saratani. Jua likipiga, mti hutoa jasho jeusi. Jasho hilo hushika ngozi na kuichoma, na huingia katika udongo ulio karibu. Ukichoma mti huo jikoni, moshi wake ni sumu zaidi. Nchi za Umoja wa Ulaya zilizuia mwaka 2003 mti wa namna hiyo kuuzwa kwa watu wa kawaida, na hata mataruma ya zamani yakakatazwa kutumika mahali pa michezo ya watoto, na katika bustani ambamo watu watayagusa mara kwa mara. Mimi nilikuwa nimesoma sifa za ngazi za London. Sikuwa nimesoma marufuku yake.

Basi nikasimama mbele ya kazi ngumu kuliko kubeba gogo. Nimwambieje mjane wa miaka 74 kwamba kumbukumbu ya mumewe inamdhuru? Nilizunguka siku mbili. Siku ya tatu nilikaa naye, si juu ya taruma bali kwenye kigoda, nikasema, "Mayu, nataka kuyahamisha mataruma ya baba."

Alinitazama kwa muda mrefu. "Yamekukosea nini?"

Nikamweleza yote niliyoelezwa. Hakunikatiza. Nilipomaliza alitazama mikono yake, akaigeuza kiganja juu, kiganja chini. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Baba yako aliyashika kwa mikono mitupu miaka 33. Nani alimwambia?"

Sikuwa na jibu, kwa maana hakuna aliyemwambia. Kikohozi cha baba cha miaka ya mwisho sitakihusisha na mafuta yale, sina ushahidi, na mzee alivuta sigara kali. Lakini swali la mama lilikuwa la haki, nalo ni la watu wengi katika nchi yetu. Wachimbaji wadogo wa Geita wamekuwa wakikamata dhahabu kwa zebaki, wakiichanganya kwa mikono na kuichoma katika vyungu vya kupikia, na wengi wao walijua bei ya zebaki kwa gramu kabla ya kujua madhara yake. Kifaa hufika kwanza. Maelezo yake huja nyuma kwa gari la ng'ombe.

Mama akasema, "Yahamishe. Ila yasichomwe, na yasiuzwe."

Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo. Tulikuwa watu sita, wenye glavu na mitaimbo miwili. Hatukukata hata kipande, maana vumbi la msumeno lingekuwa baya kuliko mti wenyewe. Upande wa chini wa kiwanja chetu, mbali na kisima na mboga, maji ya mvua yalikuwa yamechimba korongo lililokuwa likiikaribia barabara. Tuliyalaza mataruma manane humo, kwa kukingama, ngazi baada ya ngazi, yameegemea kidogo upande wa juu. Udongo wa bustani tuliuchimba kina cha jembe pale palipogusana na mti, tukaufukia huko huko korongoni, tukaleta mwingine.

Kuhusu kingo mpya za bustani, nilifikiria matofali, nikafikiria nguzo za mkaratusi. Mama alinicheka. Akanyoosha kidole kwenye vilima vya mawe vinavyotuzunguka pande zote, mawe ambayo Usukuma wote umeyakalia tangu zamani. Tulikusanya mawe siku nzima. Hayagharimu kitu, hayaliwi na mchwa, hayahitaji dawa. Sijui kwa nini watu wawili waliosoma, mimi na baba yake mkwe wa binti yangu aliyekuja kusaidia, tulihitaji kuonyeshwa.

Leo ukipita kwetu utaona mambo yaliyobadilika. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanzishwa mwaka 1986 na kuendelea hadi mwaka 2004, uliwarudishia watu imani katika ngitili, ule utaratibu wetu wa asili wa kufunga eneo la malisho ili nyasi na miti vipumzike. Ulipewa tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na miti, nyingi bila kupandwa: visiki vilivyokuwa hai chini ya ardhi viliachwa tu vichipue. Na kandokando ya njia ya zamani, tangu mwaka 2021, inajengwa reli ya kisasa ya kipande cha Mwanza hadi Isaka. Mataruma yake ni ya zege. Hayatagongwa kwa nyundo na mtu aliyeinama akisikiliza, wala hayatanunuliwa na mstaafu kwa ajili ya mchicha.

Siyasikitikii. Ila naomba kila anayeona taruma la kale la mti likiuzwa, akalitamani kwa ngazi au ukingo wa bustani, afanye kama baba darajani: asidanganywe na lami. Alinuse. Aliangalie siku ya jua. Likiwa na jasho jeusi, alipeleke mahali pa kuzuia udongo, si mahali pa kuotesha chakula, wala watoto wasichezee juu yake.

Mama bado yu hai. Korongo lile limejaa udongo, na kati ya taruma la tatu na la nne umejiotea mgunga. Hakuna aliyeupanda. Juzi nilimkuta ameegemea mkongojo, anautazama. Nikamwuliza kama niung'oe, maana mizizi yake itayasukuma mataruma.

"Uache," alisema. "Na yenyewe yalikuwa miti."